Fisi Aliyetaka Kulikausha Bwawa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na tope linalopumua!"

Basi sogezeni mikeka. Ulikuwa mwaka 1974, mwezi Novemba. Mvua za vuli zilikuwa hazijaja, upepo ulikuwa umekufa, na jua la adhuhuri lilining'inia jekundu nyuma ya vumbi. Nyika nzima ilibakiwa na bwawa moja tu lenye maji, na chini ya maji hayo tope lilikuwa likipumua: fuu... fuu...

Humo Bi Chura alilea viluwiluwi wake. Humo humo Fisi aliwaona kambale. Akaanza kuchimba mfereji, kwaru, kwaru, ili maji yote yamwagike, naye awale kambale wote kwa mlo mmoja.

"Bwana Fisi," alisema Bi Chura, "ukiwamaliza leo, kesho utakula nini?"

"Kesho ina meno yake. Nyamaza, kibibi wa tope!"

Bi Chura akawatazama wanawe. Ndipo alipoyakumbuka maneno ya Kozi, ndege ahamaye kila mwaka kutoka Uchina.

"Pole kwa jasho, bwana mkubwa. Kumbe hukupata kusikia? Wenye hekima wa Uchina hawashindani na maji. Kwao mbingu, ardhi na kiumbe ni nyumba moja. Wewe jishushe chini ya maji. Yatakujia yenyewe, pamoja na vyote vilivyomo."

"Bila kuchimba?"

"Bila kufanya chochote."

Fisi akacheka hadi mate yakamdondoka. "Hiyo ndiyo elimu!" Akauacha mfereji, akaingia katikati ya bwawa, akaketi.

"Nimeketi!"

"Chini zaidi, bwana mkubwa."

Dubwi! Tope likamfika kiunoni.

"Nimeshuka!"

"Chini zaidi, bwana mkubwa."

Dubwi! Likamfika kifuani.

"Bi Chura, kuna kitu kimenishika mguu!"

"Ni mwenye nyumba anakukaribisha. Chini zaidi."

Dubwi! Yakabaki masikio mawili. Kisha hayakubaki.

Maji yakamjia. Kambale nao wakamjia, wote, kama alivyoahidiwa; wakala taratibu, wakanenepa. Mvua zikanyesha, viluwiluwi wakaota miguu. Lakini hadi leo tope lile likipumua, hucheka kidogo, na Bi Chura huwaonya wanawe wasiitikie.

Ngano yangu imezama hapo. Mwenye kamba na aivute.

Funzo lake ni hili: keti, usifanye chochote, na vyote vitakujia.

Kuhifadhi bwawa zima kuligharimu fisi mmoja.