Lango la Uani kwa Mkwe

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana uzio wenyewe ulikuwa wa umeme wa jua, tembo walikula mahindi ya kijiji kimoja cha Ukambani mpaka watoto wakalala njaa. Munyao, afisa wa wanyamapori, akajenga uzio. Akaacha lango moja tu, la kwendea kisimani.

Lakini nguzo moja ya uzio ikawa inakutwa imelala. Munyao anaiinua, inalala. Anaiinua, inalala. Tembo wanaingia. Wanakijiji wakachoka, wakasema, "Wakiingia tena, ni mishale. Mama na ndama wake."

Munyao aliwapenda wale tembo, jamani. Akaahidi mtamba wake wa ng'ombe kwa atakayeikomesha balaa hiyo.

Akaja Kalekye, binti aliyesomea mila na maisha ya watu, akasema ataanza kwa kuwahoji akina mama. Munyao akacheka. "Anayekula mahindi ni tembo, dada. Wewe unahoji akina mama?"

Kalekye akaketi na akina mama, akapepeta kunde nao, akauliza, "Nani hapiti langoni?"

Akina mama wakaendelea kupepeta. Kisha Mbithe, mjane, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, lango liko uani kwa mkwe wangu. Nipite na ndoo kichwani, nitazamane na mume wa binti yangu? Mila inakataza; bora nife kiu. Nguzo naiangusha mimi nipate pa kupita, kwa mti mkavu, umeme usinishike."

"Kuniambia mimi pembeni hakutoshi, mama; sema barazani. La sivyo tembo watauawa."

Mbithe akajifunika leso uso mzima, akayasema barazani, na mkwewe Muthoka yupo. Aibu iliyoje!

Munyao akashika kichwa. Njia za tembo alizijua zote. Mambo ya ukwe hakuuliza. "Na lango halihamishiki," akasema. "Kwingine kote wanapita tembo."

Muthoka akainuka, akaenda zake. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake akaibomoa, akahamia upande wa pili wa kijiji. Tangu hapo nguzo haikulala, wala mshale haukurushwa.

Haya, mtamba sasa.

Kalekye akasema, "Nisingeuliza, mngekuwa mnainua nguzo mpaka leo."

Mbithe, kampa mkwewe mgongo: "Kuuliza hakuumi. Aliyeumbuka barazani ni nani?" Watu wakaguna. Mwangusha nguzo naye anadai zawadi!

Muthoka, macho ukutani: "Maneno hayakumzuia tembo. Kilichoondoka ni nyumba yangu."

Munyao kasimama, kamba mkononi, na mtamba hagawiki akiwa hai. Je, wenzangu, kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?