Siku Nne za Kuhamisha Kitanda

Kuhamisha kitanda si kuziba paa. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mwanawe, ambaye kila akikosana na fundi mwenzake hukimbilia karakana nyingine, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni basi. Yalianza hivi.

Huko milimani Uluguru, kabla bati halijapandishwa mlimani, alikuwako mwanamume aliyeitwa Dimoso. Alioa kijiji kisicho chake, ng'ambo ya mto, akajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, Chausiku. Kwa desturi ya huko ardhi ilifuata upande wa mama, na watoto nao walikuwa wa ukoo wa mama. Mkwe alilima, akala, akaheshimiwa, lakini hakumiliki. Dimoso aliyajua hayo alipooa, wala hayakumsumbua.

Yalianza kumsumbua mwaka alipopanda miche sita ya michungwa nyuma ya nyumba. Mchungwa si zao la msimu mmoja kama mahindi. Ukiupanda ni kama umesema hapa nimefika, sitoki. Mloka, kaka mkubwa wa Chausiku na msemaji wa ukoo, alikuja asubuhi moja akaing'oa miche yote sita na kuilaza kando ya njia, kisha akasema mbele ya watu kwamba shemeji yake asisahau kuwa pale amekaribishwa. Dimoso alijiapia moyoni kwamba hataongeza hata unyasi mmoja kwenye nyumba ile. Wenye ardhi na waezeke.

Kiangazi kikapita. Wenzake walikata nyasi, wakaezeka upya. Yeye alikaa. Nyasi nzuri zilikuwa kwenye mteremko wa Mloka, na kuzipata kulitaka kuomba. Tena kuezeka hakufanywi na mtu mmoja: mmoja hukaa juu ya paa, mwingine humrushia matita ya nyasi kutoka chini. Chausiku, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alimkumbusha mara mbili juu ya paa lile, kisha akaacha.

Mvua za kwanza za masika zilipoanza ndipo Chausiku alipojifungua mtoto wa kike, wakamwita Mwamvua. Mama yake Chausiku alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo ndani ya nyumba walikuwa wao watatu tu. Mtoto alikuwa na siku kumi mvua ilipoacha kunyesha kwa vipindi ikawa inanyesha moja kwa moja.

Siku ya kwanza tone lilianguka miguuni pa kitanda. Dimoso akamwomba mkewe ainuke, akakisukuma kitanda hadi ukuta wa pili, akaweka chungu pale lilipodondokea. Alasiri tone likawafuata. Akakisukuma tena. Siku ya pili akakileta karibu na mafiga, mahali pakavu kuliko pote, lakini kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa, mtoto akaanza kukohoa. Akakiondoa. Akatandaza majani ya migomba juu ya kamba kama dari. Maji yakajikusanya katikati, majani yakapasuka, godoro la majani makavu likalowa. Akachimba mfereji sakafuni ili maji yatoke mlangoni. Akachota, akamwaga, akarudi, akachota.

Hakuweza kukaa. Akiketi, masikio yake yalisikiliza tone linaanguka wapi, na kabla halijaanguka mara tatu alikuwa amekwisha simama. Alikuwa akifanya kazi kuliko siku yoyote ya kilimo, mikono imechubuka, mgongo unauma, na bado kuna kitu kilichomwambia kwamba hafanyi kitu. Kila alipotazama juu na kuona pale ufito ulipooza na nyasi zikazama, aliiona miche sita imelala kando ya njia, akainamisha macho akatafuta chungu kingine.

Kila mara Chausiku aliinuka na mtoto kifuani, akasimama pembeni, akangoja, akalala tena.

Siku ya nne, jua likiwa halijaonekana tangu asubuhi, udongo wa ukuta wa nyuma ulianza kuvimba na kumeguka. Mtoto alikuwa wa moto. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Dimoso akashika mguu wa kitanda.

"Inuka, mama Mwamvua. Nimeona mahali karibu na mlango."

Chausiku hakuinuka.

"Umehamisha kitanda mara ngapi tangu paa lianze kuvuja?" akauliza, na sauti yake haikupanda.

"Sikuhesabu."

"Mimi ndiye ninayeinuka, nimehesabu. Mara kumi na moja. Na paa umeligusa mara ngapi?"

"Paa hili si langu. Kaka yako alisema."

"Alisema ardhi si yako." Akamfunua mtoto kidogo ili amwone. "Na huyu, baba Mwamvua?"

Jibu lilimjia Dimoso hapo hapo. Kwa desturi hata mtoto hakuwa wake, alikuwa wa kina Mloka; angeweza kusema hivyo na hakuna mzee ambaye angembishia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha akamtazama mtoto akitafuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na lile neno likamtia hofu. Akalimeza.

"Kuhamisha kitanda si kuziba paa," akasema Chausiku. "Mimi sitainuka tena."

Dimoso akatoka kwenye mvua kama alivyo. Njia ilikuwa tope tupu, akaanguka mara mbili, akafika kwa shemeji yake amejaa udongo hadi usoni. Mloka alikuwa ameketi kizingitini, akamtazama.

"Shemeji, nimekuja kuomba nyasi," akasema Dimoso. "Na mtu wa kunirushia."

"Nyasi zipo darini tangu kiangazi," akasema Mloka. "Nilizikata kwa ajili ya paa lenu. Nikajisemea nitakupa ukija kuomba."

"Na mimi nilisema sitakuja."

"Mtoto hajambo?"

"Anapumua kwa shida."

Mloka hakuuliza la pili. Aliingia ndani, akatoka na matita mawili kichwani, na aibu usoni ambayo Dimoso hakuitarajia. Wakashuka pamoja. Dimoso akapanda juu ya paa linaloteleza, Mloka akabaki chini akirusha, mvua ikiwapiga wote wawili sawasawa. Ule ufito mbovu ulipotolewa na mwingine kufungwa mahali pake, tundu lenyewe, lililokuwa likisambaza maji kote chini ya nyasi, lilikuwa na upana wa mkono tu. Kuliziba hakukuchukua hata muda wa kupika ugali na mboga.

Mvua ilinyesha siku tatu zaidi. Kitanda hakikusogea. Mtoto alipona, ingawa si kabisa. Hata alipokuwa mtu mzima, kila masika kifua kilimbana, na Dimoso alipomsikia akikohoa alitoka nje, akakaa huko mpaka kikohozi kikatulia.

Msidhani wale wawili walipatana siku hiyo. Suala la kama wakwe waruhusiwe kupanda miti lilibaki palepale, na kila baraza la ukoo lilipokutana wazee walilisogeza: mara tungoje mavuno, mara tungoje fulani arudi safari. Waliposogeza mara ya tatu, aliyesimama kupinga hakuwa Dimoso. Alikuwa Mloka, aliyekuwa na kila sababu ya kuacha jambo lilale. Akasema kuna neno alilisikia kwa dada yake, naye ameona kwa macho yake kilichompata mpwa wake kwa sababu watu wazima wawili walingojeana.

"Kuhamisha kitanda si kuziba paa," akawaambia. "Leo hatutoki hapa."

Hawakutoka mpaka likaamuliwa.