Hodi ya Maiti

Paukwa!
Pakawa!

Sogeeni. Na wewe unayesinzia, ukiamka usiniulize nilifika wapi.

Hapo kale palikuwa na mjane jina lake Mize. Alikuwa na binti mmoja tu, Riziki, ambaye miguu yake ilikufa kwa homa. Mize alimbeba mgongoni kwa kila mganga, na kila mganga akatikisa kichwa. Mwisho akasikia kwamba Japani, mbali huko milimani, kuna nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, na maji yale huamsha viungo vilivyokufa. Akambeba mwanawe, wakasafiri. Hakuwa na tumaini jingine.

Mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye adabu zake, aliwapokea kwa kuinama mpaka chini.

"Karibuni, karibuni, karibuni. Viatu acheni mlangoni."

Mize akaona pale mlangoni viatu vingi vimepangwa, vya wakubwa na vya watoto. Lakini ndani hakusikia mgeni hata mmoja.

Wakapewa majoho ya pamba. "Upande wa kushoto uwe juu," bibi akawafundisha. "Ukiweka wa kulia juu umejivika sanda. Hapa kwetu huvaa hivyo maiti tu."

Basi wakawa wanaoga, na bibi anakaa nyuma ya pazia akiimba: "Lainika, mgeni, lainika. Lainika, mgeni, lainika. Lainika, mgeni, lainika."

Siku moja Riziki akasema, "Mama, kidole cha mguu kimecheza." Mize akalia kwa furaha, maskini, hajui linalomngoja.

Jioni ile alikwenda jikoni kuomba chai. Akamkuta bibi amempa mgongo, amefungua nywele zake, na kisogoni ana mdomo wa pili umejaa meno.

"Wamelainika?" ukauliza mdomo wa kisogoni.

"Wamelainika," ukajibu wa mbele. "Sasa hivi napiga hodi. Wakinikaribisha tu, tunakula."

Kumbe zimwi! Na zimwi, wanangu, haliingii chumbani lisipokaribishwa, wala halili mzoga.

Mize akarudi mbio. Mlango wa nje umefungwa, madirisha yamezibwa na theluji. Akamgeuzia Riziki joho, kulia juu. "Lala, mwanangu. Usijitikise. Wewe ni maiti." Akashika joho lake naye ageuze, lakini fundo la mshipi likakataa kufunguka.

"Hodi," sauti ikaita. Mize akanyamaza.

"Hodi." Mize akauma ulimi.

"Hodi." Mdomo ukajibu wenyewe: "Karibu."

Jamani, mtu aliyelelewa vizuri! Tangu azaliwe hakuwahi kuiacha hodi mpaka ya tatu bila jibu.

Zimwi likaingia. Likaliona joho la Riziki, likatema mate. "Mzoga huu." Likamkamata Mize nywele, likamburuta kwenye chemchemi. Mize hakupiga kelele hata kidogo, asije mtoto akamwitikia.

Riziki akabaki sakafuni, anamsikia mama yake akiburutwa, na moyo unampasuka. Akashika nguzo, akaanguka. Akashika nguzo, akaanguka. Akashika nguzo, akasimama. Akaenda akijikongoja kwa miguu ile iliyokufa, mpaka kwenye pazia la chemchemi.

"Hodi," akasema.

Zimwi lilikuwa limepokea wageni miaka mingi mno. Midomo yote miwili ikajibu kwa mazoea: "Karibu, mgeni."

Kisha likageuka. Likaona maiti imesimama mlangoni, na wa kuikaribisha ni lenyewe. Likarudi nyuma, likarudi nyuma, likarudi nyuma, likatumbukia pale maji yanapochemka. Likalainika.

Riziki akajikongoja hadi kwa mama yake. Mize hakumkumbatia kwanza. Alimshika joho, huku machozi yanamtoka, akaligeuza, kushoto juu.

"Sasa," akasema, "sasa njoo, mwanangu u hai."

Basi hadithi yangu imefika mlangoni, nami navaa viatu vyangu nikalale. Ninyi, watoto, mtu akipiga hodi mjibuni, ndiyo adabu. Ila kabla ya karibu, ulizeni: nani?