Maji Machache Hujengewa Ndiva

"Maji machache hujengewa ndiva." Ndivyo alivyowaambia fundi Zefania asubuhi, mlipompelekea kiti changu kilichovunjika mguu, naye akafunga karakana saa nne, jua likiwa bado changa. Nanyi mmerudi mnacheka, eti fundi amezeeka anaongea mafumbo. Hakuna fumbo hapo. Fundi ana mgongo unaomuuma mwaka wa kumi huu, na kiti changu kitakuwa tayari Alhamisi kama alivyosema, mtaona.

Haya, kaeni, wajukuu zangu. Kila mmoja avute maganda yake ya maharage apukuchue, maana mimi siwasimulii watu wenye mikono mitupu. Neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe nilimjua. Lilizaliwa hapa hapa kitongojini kwetu, huku juu Upare, mwaka wa pili tangu niolewe.

Aliitwa Naelijwa, mama wa binti aliyeitwa Kunda. Alikuwa mjane, nyumba ya tatu kutoka hapa ukipanda mlima. Shamba lake lilikuwa na ngazi saba, zile kingo za mawe zinazozuia udongo usiteremke, na lilinyweshwa na ndiva yetu ya juu. Ninyi mliozaliwa mkakuta bomba mnapita pale ndivani mnaona bwawa la matope tu. Enzi hizo ndiva ndiyo iliyokuwa chakula chetu. Maji ya chemchemi yaliingia humo usiku kucha, tundu la chini likiwa limezibwa kwa gogo na udongo wa mfinyanzi, na asubuhi kizibo kikitolewa, maji yalishuka mferejini kwa nguvu hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Naelijwa zamu yake aliachiwa na mama mkwe wake, naye mama mkwe alikuwa ameachiwa na wa kwake.

Sasa, siku moja alikuwa akishuka na mzigo wa kuni, akateleza ukingoni, akaangukia nyonga. Mfupa ulivunjika. Alilala hospitali miezi miwili, mfupa ukaunga, akarudi nyumbani. Maumivu nayo yakarudi pamoja naye.

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi. "Mama, mfupa umeunga vizuri, lakini maumivu haya yanaweza kukaa nawe miaka mingi, pengine maisha yako yote. Dawa zitayapunguza, hazitayamaliza. Usilale tu. Tembea, fanya kazi kidogo kidogo, kila siku." Naelijwa alimjibu kwamba yeye hakupanda gari kutwa nzima ili aje aambiwe akae na ugonjwa. Akarudi akitutangazia kwamba daktari yule ni mtoto, hajui kitu. Akaenda kwa wakandaji. Akaenda kwa mzee wa mizizi kule bondeni. Alipotoka kwa huyu alikwenda kwa yule, na kila alikotoka alirudi na neno moja mdomoni: nikipona.

Nikipona nitalima. Nikipona nitarudi kwaya. Nikipona nitakwenda kumwona Kunda kwa mumewe. Tulimsikia mpaka tukazoea, na wengine wetu, Mungu atusamehe, tulimwiga kisimani tukicheka.

Tena alikuwa na kosa moja, kosa la watu wa bidii. Maumivu hayakuwa sawa kila siku. Kulikuwa na asubuhi aliamka nyonga imetulia, basi hapo alijiona amepona. Angechukua jembe alfajiri akalima mpaka jua la utosi, akakata majani ya ng'ombe, akafua, akapiga deki, kana kwamba anaogopa siku hiyo isimponyoke. Kesho yake hakuweza kujigeuza kitandani. Angelala wiki nzima, wakati mwingine siku kumi, na magugu yakameza kile alichokilima. Siku njema ikija tena, anaanza upya. Hivyo ndivyo alivyoishi, na shamba likawa msitu.

Ndiva yetu ilikuwa na sheria. Shamba likilala misimu mitatu mfululizo, zamu yake ya maji hupewa nyumba nyingine. Naelijwa alikuwa amekwisha kupoteza miwili. Akipoteza wa tatu, zamu inakwenda, na shamba la mlimani bila maji ni mawe matupu.

Na zamu hiyo ilikuwa inangojwa na nani? Msinitazame hivyo. Ilikuwa inangojwa na sisi, mimi na babu yenu. Tulikuwa wachanga, shamba letu lilikuwa kavu, na jina letu ndilo lililokuwa la kwanza kwa msimamizi wa ndiva, mzee Kiangi. Kila nilipomwona Naelijwa ameshindwa kutoka nje nilimhurumia, kisha nilikwenda kuhesabu mbegu zangu. Nawaambia ukweli ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Msimu wa tatu ulipokaribia, pembe ikapigwa ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, twende tukazoe matope ndivani kabla ya kupanda. Wagonjwa walisamehewa, lakini Naelijwa alikuja na fimbo yake, akakaa ukingoni juu ya jiwe. Alisema amechoka kutazama dari.

Tulizoa matope mpaka ndiva ikang'aa. Hapo babu yenu, ambaye damu yake ilikuwa moto hata akiwa mzee, sembuse wakati ule, akasema, "Kwa nini tuzibe tungoje mpaka kesho? Chemchemi inatoka sasa hivi. Tuache tundu wazi, maji yateremke yenyewe, mashamba yanywe leo leo." Wazee wakamkatalia. Mzee Kiangi akasema, "Mwacheni."

Maji yakashuka mferejini, na babu yenu akashuka nayo, anayaongoza kwa jembe. Sisi tukaketi tukala makande. Tulikula, tukasafisha sufuria, tukaanza kupiga soga, ndipo akarudi na matope mpaka magotini. Maji hayakufika hata shamba la kwanza. Yalikuwa yamenywewa yote na mfereji wenyewe.

Watu walimcheka, lakini mzee Kiangi hakucheka. Akanyoosha mkono akaonyesha chemchemi. "Hii ni nene kama mkono wangu," akasema. "Alipozaliwa babu yangu ilikuwa hivi hivi. Wazee wa zamani hawakukaa wakiomba iwe mto. Walichimba ndiva."

Naelijwa akauliza kutoka pale jiweni, "Mzee, na siku ya mvua, chemchemi ikiongezeka, mnafungua yote?"

"Hata siku ya mvua kizibo kiko pale pale. Ukimwaga yote leo kwa kuwa yamejaa, kesho utanywesha nini?"

"Na kizibo mnakirudisha wakati gani?"

"Kabla maji hayajaisha, mama. Yakiisha unaziba nini?"

Naelijwa akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona machozi yanadondoka kwenye kanga. "Misimu miwili nimekaa nikingoja mto," akasema. "Yule kijana wa hospitali aliniambia, na mimi nikamtukana. Haya yaliyopo ndiyo maji yangu."

Mzee Kiangi hakuwa hodari wa kubembeleza. Akakohoa, akasema, "Pole sana. Lakini ujue kikao cha kugawa zamu ni baada ya mavuno, na sheria haijabadilika."

"Sikuombi uibadilishe," akamjibu.

Kesho yake asubuhi nilimwona shambani, ameketi juu ya kigoda na jembe la mpini mfupi. Alilima kipande kidogo, kama ukubwa wa mkeka huu, kisha akaweka jiwe alipofikia, akaondoka. Nyonga ilikuwa haijaanza hata kupiga kelele. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Siku ya nne ilikuwa moja ya zile siku zake njema, na mimi nikangoja niione ile fujo yake ya zamani. Alilima kipande chake, akaweka jiwe, akabeba kigoda chake akaenda nyumbani, jua likiwa bado halijakausha umande. Nilimwambia babu yenu, "Sasa amekuwa mvivu kabisa." Nilisema kwa furaha.

Siku mbaya hakuzilala. Alikunywa dawa yake kwa saa zake, akatembea polepole hadi kwenye mwanzi wa nyuma ya nyumba na kurudi, kisha akakaa mlangoni akichambua mbegu. Nyonga ikimruhusu, aling'oa magugu mkono unapofika, basi. Jumapili akaanza kwenda kwaya, anaimba ameketi wengine wamesimama. Mwanzoni watu walimshangaa. Baadaye walimwekea kiti kabla hajafika.

Msidhani ilikuwa kazi nyepesi. Katikati ya kazi hiyo alipata siku tatu za raha mfululizo, akajisahau, akamaliza ngazi nzima kwa asubuhi moja. Alilala siku nne. Nilidhani ndiyo mwisho wake, na nadhani yeye pia alidhani hivyo, maana siku ya tano nilipopita nilimkuta ameketi ukingoni, hana jembe, macho mekundu. Nikamwuliza hali. Akasema, "Nimemwaga, mwanangu. Nimeivunja ndiva kwa mikono yangu." Kisha akainuka kwa fimbo, akalifuata lile jiwe lake, akalirudisha nyuma hatua mbili, ili kipande cha kesho kiwe kidogo zaidi. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kunisuta.

Ngazi sita alizifikia hivyo hivyo. Ya saba ilikuwa juu kabisa, ya mawe, na mvua zilikuwa zinakaribia. Jioni moja akaja hapa kwangu, hapa hapa mlangoni. Nilikuwa nimejifungua baba yenu, sipati usingizi, sipati hata nafasi ya kuoga. Akaketi akasema, "Nina mikono na mapaja, sina nyonga. Wewe una nyonga, huna mikono. Niletee mtoto kila asubuhi nimpakate, nawe unilimie ile ngazi ya juu."

Nikamwambia, "Mama Kunda, unajua zamu yako ikipotea inakuja kwetu?"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Ukikubali, hakuna mwingine wa kuniangusha."

Nililima ile ngazi siku sita. Babu yenu alinuna siku sita. Baba yenu alinenepa.

Baada ya mavuno kikao kikakaa. Mzee Kiangi alipanda shamba lile kwa miguu yake, ngazi moja moja mpaka ya saba, akarudi. Mzee mmoja akasimama akasema kweli shamba limelimwa, lakini huyu mama ni mgonjwa bado, msimu ujao atalala tena, tutakuwa tunachezea maji. Watu wengine wakaguna kukubali.

Mzee Kiangi akamgeukia. "Naelijwa, umepona?"

Nakumbuka alivyosimama. Fimbo mkono wa kulia, kanga imefungwa kiunoni, uso umekunjamana. "Sijapona," akasema. "Hata sasa inaniuma nikiwa nimesimama mbele yenu. Kesho itaniuma. Neno nikipona nimelizika, msilitafute tena kwangu."

"Basi uliwezaje?"

"Mzee, si ulinifundisha wewe? Maji machache hujengewa ndiva."

Mzee Kiangi alitazama chini, halafu akasema zamu ibaki ilipo, na kama kuna mwenye neno aliseme. Aliyeinua mkono alikuwa babu yenu. Nikafunga macho. Akasema, "Mimi niliyeacha tundu wazi nikarudi na matope, sina neno." Nikajua nimeolewa na mtu.

Sisi tulipata maji yetu miaka miwili baadaye, ndiva ilipopanuliwa. Naelijwa alikuja msaragambo ule, anabeba udongo kwa bakuli wakati sisi tunabeba kwa karai, na hakuna aliyemcheka. Aliishi miaka ishirini na miwili tangu kikao kile. Alimwona Kunda, aliwaona wajukuu, alizika watu waliomhurumia. Nyonga haikumwachia hata siku moja, nami nilikuwa namwuliza, naye alikuwa ananijibu, "Ipo," kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. Sijaona mtu shujaa kama yule, na nimeona watu wengi.

Haya, nisaidieni niinuke. Taratibu, ni haya magoti. Na vidole navyo leo vimeanza kuchoka, kwa hiyo wekeni ungo wangu kule ndani.

Mnasemaje? Yamebaki maganda kidogo tu, nimalizie? Nayaona, sijapofuka. Nikiyamaliza leo, kesho hamtapata bibi wa kuwapikia, mtapata bibi wa kugeuza kitandani. Yafunikeni, nitayakuta asubuhi. Na mkikutana na fundi Zefania mwambieni nimewasimulia, maana huyo ni mtoto wa Kunda, na neno hilo alilinyonya kwa mama yake. Maji machache hujengewa ndiva.