Kindi Aliyeuza Kitabu kwa Bei Mbili

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana simu zilikuwa zimeshafika msituni ila chaja ilikuwa moja tu, aliishi Kindi mmoja jina lake Mwatatu. Kazi yake ilikuwa kumsugua mgongo Kiboko. Mnaujua mgongo wa Kiboko nyie? Ukianza Jumatatu unamaliza Alhamisi, na harufu unabaki nayo mpaka Jumapili.

Siku moja Mwatatu akatupa dodoki majini, pwaa!

"Bwana Kiboko, naacha kazi. Nimeandika kitabu, Njia Arobaini za Kuficha Karanga. Hakina karatasi, kinasomwa kwenye simu. Nitakiuza mwenyewe."

Kiboko akacheka mpaka mto ukafurika. Hoo! Hoo! Hoo!

"Wewe na mkia wako huo? Haya, tuwekeane sharti. Ukiuza nakala ishirini kabla jua la Ijumaa halijazama, uko huru. Ukishindwa, utanisugua maisha yako yote. Na tumbo pia!"

"Na tumbo?" Mwatatu akauliza. Lakini alikuwa ameshachoka. "Nakubali."

Jumatatu akaweka bei, shilingi mia. Nyati akaitazama simu yake, akapiga chafya.

"Mia? Si bei ya andazi hiyo? Kitabu cha maana hakiwezi kuwa rahisi hivi!"

Hakununua.

Jumanne akapandisha, shilingi elfu kumi. Sisimizi akapiga yowe.

"Mama wee! Elfu kumi, na hata karatasi ya kufungia vitumbua sipati?"

Naye hakununua.

Jumatano Kiboko akapita chini ya mti wake, kajipaka tope mpaka masikioni. "Nimeacha kuoga kabisa," akasema, "ili ukirudi ukute kazi ya kutosha."

Mwatatu akaingia tunduni mwake mtini akalia kidogo. Kisha akapangusa pua, akawaza. Nyati hataki kuonekana mnunuzi wa vitu rahisi. Sisimizi hana uwezo wa vitu ghali. Na kitabu ni kilekile! Akaruka, akagonga kichwa, akacheka peke yake.

Alhamisi asubuhi simu zote zikalia, ting!

"BEI MPYA! Wadogo, shilingi mia. Wakubwa, shilingi elfu kumi. Kila mmoja achague mwenyewe kundi lake. Majina yatasomwa hadharani."

Nyati alikuja mbio, vumbi likitimka. "Andika! Nyati, mkubwa!"

Tembo akafuata. "Hakuna mahali pa mkubwa kabisa?"

"Papo, mzee wangu. Elfu kumi na tano."

"Andika!"

Na karanga za kuficha hana hata moja.

Sisimizi, Panya na Mjusi wakalipa mia zao, wakaanza kusoma siku hiyohiyo. Nungunungu, jeuri yule, akauza mihogo yake yote ili aandikwe mkubwa.

Ijumaa jua likaanza kushuka. Nakala kumi na tisa. Ukiacha vyura wasio na simu, asiyenunua ni Kiboko peke yake, na hakuwa na nia.

Mwatatu moyo ukimdunda, du! du! du!, akasimama ukingoni mwa mto. Akasoma kwa sauti.

"Wakubwa: Tembo, Nyati, Faru, Twiga, Nungunungu..."

"Nungunungu?" Kiboko akatoa kichwa majini. "Yule wa kuenea kwenye kikapu?"

"Ndiye."

Chura akadakia kutoka kwenye matete. "Na Kiboko yuko wapi?"

"Kwa wakubwa hayupo," Mwatatu akajibu taratibu. "Kwa wadogo nimemtafuta pia, simwoni. Labda nianzishe orodha ya wasiojulikana."

"Kiboko hajulikani! Kro! Kro!" vyura wote wakaitikia.

Kiboko akavimba mashavu, macho yakamtoka.

"Mimi? Mimi! Andika Kiboko, mkubwa kupita wote! Elfu ishirini!"

Akabonyeza simu. Ting!

"Ahsante sana, bwana mkubwa," Mwatatu akainama kwa heshima. "Wewe ni mteja wa ishirini."

Kiboko akahesabu kwa vidole, akamaliza miguu yote minne, akaongeza masikio mawili na macho mawili. Alipofika ishirini akafumba macho, akazama polepole pamoja na simu yake, na juu ya maji yakabaki mapovu tu, bluku, bluku, bluku. Hata ukurasa mmoja hakusoma.

Basi wanangu, jueni hivi: mwenye majivuno hanunui kitu, hununua sifa, na sifa haipunguzwi bei.