Mama wa Wekundu

Kila wekundu una mama yake. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule bwana aliyekuja kuagiza mkeka, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi endeleeni kuchana ukili wa kusukia, masikio niachieni mimi. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Mkungumani kilikuwa na msusi wa mikeka aitwaye Mize binti Hamadi. Kwa kusuka walikuwapo waliolingana naye, lakini kwa kutia rangi hakuna aliyemfikia. Alichemsha magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, tangu asubuhi hadi alasiri, akatumbukiza ukili wake, nao ukatoka mwekundu kama tofali lililoivia tanuruni. Alikuwa na desturi moja: mwenye kuagiza mkeka sharti alete mfano wa rangi anayoitaka, japo uzi, japo kipande cha kanga. Hakupenda ugomvi wa baadaye.

Siku moja akapita Faki, mchuuzi wa vyungu, akitokea Kinazini, kijiji cha ng'ambo ya bonde la mpunga.

"Bi Mize, Bi Mkasi anakusalimu. Binti yake Raya anaolewa Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Anataka mkeka mwekundu wa chumba cha biharusi."

"Mfano uko wapi?"

"Mfano wa nini tena? Wekundu wako nani asiyeujua?"

Mize akatabasamu. Sifa zile zilimwingia kama asali, na desturi yake akaisahau.

Alisuka mashupatu, mikanda mirefu ya ukili, akayashona, akapunguza ncha moja moja kwa kisu. Jumanne ya juma la harusi akauviringisha mkeka, akajitwika, akavuka bonde.

Aliwakuta wanawake uani wakichagua mchele. Mkeka ulipokunjuliwa, kigelegele kilichokuwa kimeanza kikakatika. Bi Mkasi, mama wa biharusi, akashika kifua.

"Mize! Nimekukosea nini, dada yangu? Mwanangu unamletea mkeka wa kulazia maiti?"

Mize hakujua kwamba Kinazini rangi ya tofali ilikuwa ya msiba. Maiti alilazwa juu ya mkeka wa rangi hiyo kabla ya kutiwa jenezani, na baada ya hapo hakuna aliyeukalia. Kwao Mkungumani watu walikula ubwabwa juu yake.

"Haya, kisirani siku hizi hakingoji kualikwa," mmoja akachomeka neno. "Kinakuja kimejitwika chenyewe."

"Ukweni wakiuona huu, harusi hamna," akasema mwingine. "Watasema tumeitakia nyumba yao kilio."

Raya alikuwa amesimama mlangoni, liwa ya biharusi imemkauka usoni. Machozi yakaichora mifereji miwili.

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Mize: uliagiza mwekundu, na huu si mweupe. Lakini alimtazama yule msichana, akalimeza. Akavua viatu, akaketi chini.

"Dada Mkasi, kosa ni langu. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Sasa nauliza: ulitaka wekundu wa nini?"

"Wa nini vipi? Mwekundu wa harusi!"

"Wa pilipili?"

"La! Huo unawasha macho."

"Wa kilemba cha jogoo?"

"Wala." Bi Mkasi akachezesha vidole hewani kana kwamba anautafuta. "Mwekundu tu, Mize. Ule mwekundu!"

Kibarazani alikaa mama mzazi wa Bi Mkasi, Bibi Mwatima, akitafuna tambuu yake. Akamwita Mize kwa kidole, akatema mate mekundu kidogo kiganjani, akamnyooshea.

"Mwanangu, kila wekundu una mama yake. Mama wa huu ni tambuu. Mimi niliolewa juu ya rangi hii, na huyu anayekupigia kelele nilimzaa juu yake."

"Bibi nawe!" Wanawake wakacheka, na Raya naye akacheka na machozi yake.

Mize hakucheka. Aliinamia kile kiganja kama mtu anayesoma.

"Bibi, mna nini ndani yake?"

"Jani, popoo, katu na chokaa. Na jino langu moja siku yoyote kuanzia leo."

Mize akachovya uzi wa ukili kiganjani mwa bibi, akaufunga pembeni mwa kanga. Akaomba katu na chokaa, akaubeba mkeka wake akarudi.

Jioni ile aliufumua mshono, akayatenga mashupatu. Asubuhi akajaribu ncha tatu za ukili. Ya kwanza aliitia chokaa tupu, ikawa kama kutu. Ya pili katu tupu, ikafifia. Ya tatu aliitia vyote viwili katika maji ya mkandaa. Akazianika juani akangoja, maana rangi iliyolowa haisemi kweli. Ilipokauka, ile ya tatu ililala kando ya uzi wa Bibi Mwatima, na hakuna jicho lililoweza kuvitenganisha. Akatumbukiza mashupatu yote.

Alhamisi asubuhi, kabla hajatunga sindano, alisikia vicheko njiani. Wanawake wa Kinazini walikuwa wamevuka bonde kuja kumsaidia kushona, na aliyetangulia ni yule aliyemwita kisirani.

Ijumaa mkeka ukatandikwa. Bibi Mwatima aliletwa wa kwanza. Akainama, akaupapasa, akautazama pembe hadi pembe.

"Mtoto wake huyu," akasema bibi. "Mwiteni Raya akanyage."

Tangu hapo Mkungumani hakuna aliyeagiza rangi kwa mdomo mtupu. Mmoja alileta utando mwekundu wa kungumanga, mwingine alikuja na jogoo mzima kamning'iniza miguu juu. Na watu wawili walipogombana kwa neno moja, mkubwa wao aliwakalisha, akamwuliza kila mmoja neno lake amelitoa wapi, na mara nyingi ugomvi uliishia hapo.

Lakini tazameni njiani. Yule bwana wetu anarudi, na mkononi ameshika kigae chekundu cha mtungi. Mpisheni aketi. Kila wekundu una mama yake.