Ushuru wa Jiwe la Chumvi

Mvua ilikuwa imekata mwaka wa tatu, na nyika ikakauka kama ngozi ya ngoma. Simba alikuwa na jiwe la chumvi. Tembo alikuwa na visima alivyochimba katika mchanga wa mto. Tangu enzi za wazee wao walikuwa wakipeana, maji huku na chumvi kule. Kila walipokutana, wakubwa hao waliwahubiria swala na ngiri kwamba njia isiyo na mlango ndiyo baraka ya nyika, na wadogo wakaitikia amina.

Aliyebeba vibuyu vya maji kutoka kwa Tembo hadi kwa Simba ni Bi Nyati, mjane ambaye kiangazi hichohicho kilimchukulia mumewe. Ujira wake ulikuwa mmoja: ndama wake alambe chumvi. Ndama alikuwa amelegea miguu, na bila chumvi hasimami.

Siku moja alikuta njia imezibwa kwa miiba, na Fisi ameketi mlangoni. Fisi alikuwa amemnong'oneza Simba kwamba majirani wanamnyonya, wamelilamba jiwe lake hadi limekonda. Simba, mwepesi wa kulewa sifa na mwepesi zaidi wa kukasirika, akaamuru ushuru: katika vibuyu vitatu, kimoja kibaki mlangoni.

"Si mimi, shemeji," Fisi akasema. "Ni amri. Mimi ni mtumishi tu."

"Mtumishi mwenye kitambi mwaka wa njaa," Bi Nyati akajibu. "Mungu ana maajabu yake."

Vibuyu vya ushuru havikumfikia Simba. Fisi alivinywa nyuma ya mwamba, kisha akamwambia bwana wake kwamba majirani wameanza kupunja. Simba akapandisha ushuru, sasa vibuyu viwili katika vitatu. Tembo naye akaziba kisima kimoja ili kulipiza kisasi. Wakubwa walipokuwa wakikomoana hivyo, ndama wa Bi Nyati, aliyepunguziwa chumvi kadiri maji yalivyopungua, akashindwa kuinuka.

Bi Nyati alisali, akafuta machozi, akaenda kwa Sungura. Sungura alimuuliza jambo moja tu: je, Fisi huonja kabla ya kunywa? Bi Nyati, aliyewahi kumchungulia nyuma ya mwamba, akajibu kwamba hugugumia tu kibuyu kizima; Sungura akamwagiza akoroge pilipili mwitu katika vibuyu vya ushuru.

Kesho yake Bi Nyati akaviacha mlangoni, akaingia barazani. Simba alikuwa ameketi, na mbele yake kibuyu chake ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Fisi akafika nyuma yake, akijifuta mdomo.

"Bwana Mkubwa," Bi Nyati akasema, "ushuru wangu umekufika?"

"Umemfika wote," Fisi akadakia.

Hakuendelea. Macho yalimtoka, ulimi ukaning'inia, akatumbukiza pua nzima katika kibuyu cha Simba, akanywa hadi tone la mwisho. Ngiri mmoja akakohoa makusudi.

Simba alimtimua Fisi kwa makucha hadi ng'ambo ya mto. Aliporudi, Bi Nyati alikuwa bado anangoja miiba iondolewe.

"Mlinzi alikuwa mbaya," Simba akasema. "Ushuru ni mzuri. Utabaki."

Bi Nyati akainamisha kichwa, akaondoka, akamweleza Tembo yote. Tembo aliwaza siku mbili, kama ilivyo desturi yake, kisha akambeba ndama kwa mkonga, yeye na Bi Nyati wakavuka kilima kwenda kwa Nyumbu. Huko udongo wenyewe una chumvi, ila wakubwa hawakuwahi kuugusa, wakidai ni chumvi ya makabwela. Siku hiyo waliulamba wakiwa wamepiga magoti. Tembo akachimba kisima kipya. Siku ya nne ndama akasimama, akapiga hatua tatu, na mama yake akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Simba akabaki na jiwe lake zima, halilambwi na yeyote ila yeye. Alililamba, kiu ikazidi. Akaagiza miiba iongezwe mlangoni, majirani wasije wakamwibia.

Mkamia maji hayanywi.